Gramu Sita za Gundi

Hakimu hakuwahi kukanyaga mahakama maishani mwake, hata kama shahidi. Jina hilo alipachikwa na wateja wake, likamganda kiasi kwamba hata muuza maziwa alimwita hivyo. Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kukaa nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi la kijivu, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kuwaambia watu wazima wenye akili zao kwamba midoli waliyoifungia kabatini miaka kumi haitawatajirisha. Walimlipa kwa kazi hiyo. Wengine walimlipa na kumnunia papo hapo.

Walikuja na maboksi yao yamefungwa kwenye mashuka, na kila mmoja alikuwa na hadithi. Alikuja kinyozi na wanasesere tisa waliovaa magauni ya dhahabu, ambao hajawahi kumgusa hata mmoja. Alikuja mwalimu wa hesabu na roboti la vita lenye cheti chake, kinachothibitisha kwamba ni toleo maalumu kwa wakusanyaji. Hakimu alikisoma cheti kile kuanzia juu hadi chini, akamuuliza mwalimu roboti lake ni la ngapi. Mwalimu akasoma kwa fahari kwamba ni la elfu arobaini na mbili, mia tatu na kumi na saba. Hakimu akamrudishia cheti. Hesabu ile alimwachia mwenyewe, maana ndiyo kazi yake.

Boksi likishajitangaza kwa maandishi ya kung'aa kwamba ni la kukusanywa, Hakimu alianza kulitilia shaka hapo hapo. Kitu kinachoadimika, alikuwa akiwaeleza, ni kile ambacho watoto wamekivunja, mama zao wamekifagia na mbwa amekitafuna, mpaka vikabaki vichache. Sasa kama kila aliyekinunua amekificha akisubiri wenzake waharibu vya kwao, nani atakayeharibu? Aliziogopa pia seti za mambo yaliyovuma msimu mmoja, na seti kubwa zinazotaka chumba chao kama mgeni wa heshima. Kuliko zote aliogopa zile ambazo kiwanda kinaweza kuamka asubuhi moja kikazitoa upya, mpya kabisa, kwa bei ya dukani.

Hukumu aliitoa kwa kadi. Nyeupe iliandikwa Tunza na ya manjano iliandikwa Chezea. Kila mwaka kadi za manjano ndizo zilizokwisha kwanza.

Na kadi hiyo aliitoa bila kufungua boksi. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Alikuwa na mizani ya jikoni, kioo cha kukuzia na daftari nene lenye jalada la kitambaa, ambamo aliandika uzito wa kila seti kama ilivyotoka kiwandani. Alipima, akalinganisha na daftari, akaikagua gundi ya midomo ya boksi kwa kioo, basi. Boksi lililowahi kufunguliwa lilipungua. Daima lilipungua, kwa sababu gurudumu limepotea chini ya kochi au mtoto amemeza kofia ya askari. Wajanja waliojaribu kumwuzia maneno aliwaonyesha mshale wa mizani, wakajikusanya wakaondoka.

Utaalamu huo hakuupata darasani. Wazazi wake walifariki mwaka mmoja, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake wa kiume kumi na mmoja, na kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kubeba maboksi katika stoo ya duka la midoli. Alikaa stoo ile miaka ishirini na tisa. Jioni, baada ya shule, mdogo wake alikuja kumsubiri. Alikaa juu ya kreti na kuyatazama maboksi yaliyopangwa hadi darini, magari ya moto, majumba, mabehewa, akayasoma kwa nje kama mtu asomaye barua ya mwenzake. Kugusa hakukuruhusiwa. Boksi likichanika, aliyekuwa zamu ndiye aliyelilipa. "Macho tu," dada mtu alikuwa akimwambia. "Mikono mfukoni." Na kijana akatia mikono mfukoni. Hata siku moja hakuletewa boksi lolote nyumbani, kwa sababu kilichoingia nyumbani kilikuwa mkate na sabuni, na wakati mwingine mkate bila sabuni.

Akakua, akawa fundi wa kujalidi vitabu katika nyumba moja ya uchapaji. Wenzake walimwita Jalada. Mikono ile iliyolelewa mfukoni ilitoka humo ikiwa na adabu ya ajabu. Kitabu kilichopita kwake kiliweza kuangushwa ngazi nzima na kisitoe ukurasa. Alioa, akapata binti mmoja, na katika mambo yote ya dunia kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Jalada hakuwahi kumuuliza kama ana hakika na anachosema. Mtu huyo alikuwa dada yake.

Ndiyo maana Hakimu alipokuja kukosea, kosa lilimwangukia mdogo wake.

Binti wa Jalada alikuwa na miaka sita ilipoingia stoo seti iliyoitwa Mji wa Reli. Maboksi kumi na mawili, kila moja na kipande chake cha mji: stesheni, karakana, soko, mnara wa saa na mengineyo, na la kumi na mbili lilikuwa daraja. Juu yake kulikuwa na maandishi ya dhahabu, Toleo Maalumu la Wakusanyaji, na siku zile maandishi kama hayo yalikuwa bado hayajamfundisha Hakimu adabu. Aliyapenda. Akamwambia mdogo wake anunue yote, ayaweke miaka ishirini, na binti akiwa mkubwa atakuwa na pa kuanzia. "Ila usifungue hata moja," alimwambia. "Ukifungua, umekwisha." Jalada akajinyima mwaka mzima, boksi moja kila mwezi, akayaweka kwenye chumba kidogo cha uani.

Miaka ilipita, kumi na mitano mizima. Kisha, katika mwezi mmoja, watu saba walikuja kwa Hakimu na Mji wa Reli. Saba, hawajuani, na maboksi ya wote yalikuwa safi, yamefungwa, hayajaguswa. Hakimu aliyapima yote, na kila alipoyapima moyo ulizidi kumtoka. Hakuna aliyekuwa amecheza. Taifa zima la wazazi lilikuwa limekaa juu ya treni hizo likisubiri. Kabla mwaka haujaisha kiwanda nacho kikaitoa seti upya, na rangi nzuri zaidi. Aliwapa wale saba kadi za manjano bila kupepesa macho. Kadi ya nane, ya mdogo wake, hakuipeleka.

Badala yake aliacha kwenda kwa Jalada. Kwanza alisingizia goti. Goti likapona, akasingizia wateja, kisha mvua, kisha mafundi wa bomba ambao ukiwasikia ungedhani wamehamia kwake. Simu zake zikawa fupi. Wifi yake, mke wa Jalada, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alimwambia siku moja kwamba siku hizi anaadimika kuliko hayo maboksi yake. Hakimu akacheka, akakata simu, akakaa na simu mapajani akitazama ukuta. Fedha hazikuwa zikimwuma sana, maana Jalada alikuwa na kazi na binti alishasoma. Kilichomkalia kooni ni kwamba mdogo wake alikuwa ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani, na undugu wao wote ulijengwa juu ya jambo moja: dada anajua. Aliogopa siku ambayo Jalada angemtazama na kumwona ni mtu tu, mtu aliyemfanya alinde takataka miaka yote hiyo huku mwenyewe akijua.

Miaka mitatu ikapita hivyo, na siku ikafika yenyewe. Jalada alipiga simu. Nyumba ya uchapaji ilikuwa inapunguza majengo, na mafundi wa zamani wameruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Yeye amepewa hata mashine ya kubania vitabu, sasa chumba kile cha uani kinahitajika.

"Njoo uyatazame maboksi, dada," alisema. "Uje na mizani."

Sauti yake ilikuwa kavu, na mtu mwingine angeshtuka. Lakini Hakimu alikuwa ameshughulika mno na hofu yake mwenyewe. Alisema atakuja Jumapili.

Jumapili asubuhi alitia mizani kwenye kikapu, na kioo, na daftari. Akatia kadi za manjano. Akatia na nyeupe pia, ingawa alijua hazina kazi, labda ili kikapu kisimsute njiani.

Wifi yake alimpokea mlangoni, akamwangalia juu mpaka chini, akamuuliza kama ana kitambulisho, kwa sababu humu ndani kuna watu wamesahau sura yake. Alimkumbatia kwa nguvu hata hivyo, akamletea chai. Jalada alisalimia akiwa amesimama. Alikuwa amekonda. Vidole vyake, vyenye ukoko wa gundi kwenye kucha tangu ujana, vilikuwa vikisuguana bila sababu, na chai yake ilipoa bila kuguswa. Ana haraka ya kuhamisha vitu, Hakimu alifikiri. Wakaenda uani.

Chumba kile kilimchoma kuliko alivyotarajia. Kila kitu kilikuwa kama alivyoagiza miaka kumi na minane iliyopita. Rafu za mbao ziliyainua maboksi kutoka sakafuni, pazia zito lilizuia jua, na vifuko vya chumvi vilining'inizwa pembeni kunyonya unyevu, vipya, vilivyobadilishwa juzi juzi tu. Hata panya hakuonekana amewahi kupita hapo. Jalada alikuwa ametii kwa miaka kumi na minane, na kwa ajili ya nini? Hakimu akaweka mizani juu ya meza ndogo, akalishusha boksi la kwanza.

Daftari lilisema gramu elfu moja mia nane na arobaini. Mizani ilisema elfu moja mia nane arobaini na sita.

Akaliondoa, akairudisha mizani sifuri, akapima tena. Arobaini na sita. Akachukua boksi la pili, nalo likazidi kwa sita. La tatu, sita. Hakimu alikaa akiutazama mshale. Katika maisha yake yote alikuwa ameona maboksi yaliyopungua. La kuongezeka hakuwahi kuliona. Mtu anayeiba haongezi. Akachukua kioo, akainama juu ya mdomo wa boksi.

Kiwandani gundi hudondoshwa na mashine, matone manne kila upande, moja limekaa vizuri na matatu yamekwenda kombo. Hapa hapakuwa na matone. Palikuwa na mstari mmoja mwembamba, umenyooka kutoka pembe hadi pembe, haukuvuka ukingo hata kwa unywele. Hakuna mashine wala mfanyakazi wa kiwandani anayefanya kazi nzuri namna hiyo kwenye boksi la midoli. Na Hakimu aliujua mstari ule. Alikuwa nao mapajani wakati huo huo, kwenye uti wa daftari lake, ambalo mdogo wake alimjalidia alipostaafu stoo.

Akainua macho. Jalada alikuwa akiutazama ukuta. Mikono yake ilikuwa mfukoni.

Hakimu akarudisha macho kwenye mizani, akaendelea kupima, la nne, la tano, la sita, bila haja yoyote ya kupima. Alikuwa akifikiri, na alichokuwa akifikiri hakikuwa kizuri, tusimpambe. Mlango ulikuwa umefunguka mbele yake, mpana, umefagiliwa. Boksi lililofunguliwa halina thamani. Hiyo ni sheria ambayo hata watoto wa wakusanyaji wanaijua. Angeweza kuweka kioo chini na kusema kwa upole: haya yamefunguliwa, mdogo wangu, basi tena. Jalada angeinamisha kichwa. Angeomba radhi, angesamehewa, na dada angebaki dada anayejua. Hapangekuwa na uongo hata neno moja. La saba, la nane. Aliona pia namna mdogo wake angeubeba mzigo huo mpaka kaburini, kwa heshima, kama alivyobadilisha vile vifuko vya chumvi. La tisa, la kumi, la kumi na moja, yote sita sita. La kumi na mbili likatulia pale pale daftari lilipotaka, na matone yake manne yakiwa kombo kama kawaida. Hilo halikuguswa.

Akapiga moyo konde.

"Haya maboksi hayana kitu," alisema. "Na siyo leo tu. Hayakuwahi kuwa na kitu. Nilikosea mimi."

Jalada aligeuka polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyokwambia ununue. Kila mtu aliyaficha, mdogo wangu. Kila mtu. Nimelijua hilo miaka mitatu, nikaona aibu kukwambia. Ndiyo maana sikuwa nakuja."

Alisubiri. Nje wifi yake alikuwa akisuuza vikombe, na kila kikombe kilisikika. Jalada akauliza swali ambalo mtu asiye na siri asingeliuliza.

"Hata kama yasingekuwa yamefunguliwa?"

"Hata kama yangetoka kiwandani leo asubuhi."

Jalada akakaa chini, sakafuni, kama aliyekatwa kamba. Alifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika, na Hakimu, ambaye alikuwa amemlea na kumfuta machozi ya kila aina, hakuweza kujua kama analia au anacheka. Ilibainika ni yote mawili. Alipopata pumzi alisimulia, na alisimulia bila mpangilio, akirudi nyuma na kuruka mbele, kama mtu anayetoa vitu kwenye nyumba inayovuja.

Binti yake akiwa na miaka tisa alianguka na baiskeli akavunjika paja. Hakimu aliyakumbuka hayo, alikuwa akienda kumwona hospitalini. Ambacho hakukijua ni yale yaliyofuata nyumbani, miezi mitatu na nusu ndani ya plasta kutoka kiunoni hadi unyayoni, na jinsi mtoto alivyoanza kwa kulia, akaja kununa, kisha akaacha kusema kabisa. Akawa anatazama dari. Jalada alijaribu vitabu, vikaragosi vya karatasi, mpaka kuimba, na kuimba kwake ndiko kulikozidisha hali. Siku moja mtoto aligeuza shingo, akauliza kwenye yale maboksi ya uani kuna nini. Baba akajibu kwamba hajui. Mtoto akasema: hata wewe hujui?

Basi akalileta moja. Moja tu, alijiapia. Alilainisha gundi kwa mvuke wa birika, akauingiza mfupa wake bapa wa kukunjia karatasi, ule ule wa kazini, na mdomo wa boksi ukaachia bila mkwaruzo. Walijenga stesheni juu ya sinia iliyopitishwa kitandani. Mtoto akasema neno, kisha maneno, kisha akaanza kumkemea baba yake kwa kuweka paa mbele nyuma. Walipomaliza walivunja, wakahesabu kipande kwa kipande, wakarudisha kwenye vifuko, na Jalada akaziba. Wiki iliyofuata mtoto aliulizia karakana. Kumi na moja yalikwenda hivyo. Kabla ya la kumi na mbili plasta ikatolewa, mtoto akashuka kitandani, na Jalada akabaki na maboksi mazuri kuliko ya kiwandani na dhambi ambayo hakuwa na pa kuipeleka.

"Ulisema nikifungua nimekwisha," alisema. "Nikawa najua nimekwisha. Nilikuwa nangoja tu uje upime."

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje? Kitu kimoja tu uliniomba." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Halafu ukaacha kuja. Nikajua umejua. Nikasema dada amenisusa, na haki yake. Hii miaka mitatu, kila simu ikilia nasema leo ananitamkia."

Hakimu hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Alikuwa ameogopa mambo mengi, lakini kwamba kukimbia kwake kungesomwa kama hasira, kwamba mdogo wake alikuwa akihukumiwa kila siku na kiti kitupu, hilo halikumpitia akilini. Likamwuma. Na nyuma ya maumivu hayo hayo kitu kikubwa kikaanza kumwachia kifuani, taratibu, kama kamba inayofunguliwa na mtu mwenye subira. Alishusha pumzi ambayo nadhani aliivuta siku ya yule mteja wa saba. Goti lililopona zamani, sasa ndipo alipolisahau. Akajishusha naye sakafuni, mwanamke wa miaka hamsini na nane, akakaa kando ya mdogo wake, mabega yakigusana, wakawa wawili wanaocheka kwenye vumbi.

Wifi yake aliwakuta hivyo, taulo la vyombo begani. Alipoelezwa, alisema wangemuuliza yeye mapema wangeokoa miaka. Ya birika aliyajua tangu siku ya kwanza, birika si lake? Na ya thamani, alisema, hajaamini hata siku moja kwamba treni la plastiki litamlea mtu, lakini nani angemsikiliza yeye, mke wa Jalada na wifi wa Hakimu, katika nyumba ambayo maboksi yana chumba na mama yake mzazi akija alilala sebuleni.

Hakimu akatoa kadi za manjano. Alizibandika moja moja, kumi na moja, na mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Alipofika la kumi na mbili alisita, kwa mazoea tu, na hapo ndipo binti wa Jalada alipoingia kutoka kuanika nguo. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minne, fundi wa kukata vioo vya miwani, na hakuchechemea hata kidogo.

"Shikamoo shangazi," alisema, kisha akaliona boksi lililokuwa mezani, akasahau hata kungoja marahaba. "Hilo ni daraja. Treni yetu ilikuwa inaishia kwenye meza ya dawa. Miaka yote najiuliza ilivukaje."

Hakimu akabandika kadi ya kumi na mbili. Jalada aliinuka, akachomoa mfupa wake kutoka mfuko wa shati, ule mfupa uliolainika na kung'aa kwa miaka ya kazi. Hakuuingiza kwenye boksi. Aliugeuza, akampa dada yake upande wa kushikia.

Hakimu akaangalia mfupa, akaangalia boksi. Maelfu ya maboksi yalikuwa yamepita mikononi mwake, ameyabeba, ameyapanga, ameyapima, ameyaandika. Hakuwa amewahi kufungua hata moja. Alisema hajui panapoanziwa.

"Mikono, dada," Jalada alimwambia. "Mikono tu."

Akafungua. Alifungua vibaya. Alichana pembe nzima, na Jalada akafumba macho kwa uchungu wa fundi, na wifi mtu akasema kwamba ndiyo maana stoo hawakumruhusu. Vifuko vikamwagika mezani, vipande vidogo vya kijivu na vyekundu, na harufu ya plastiki mpya iliyokaa miaka kumi na minane gizani ikawapanda puani. Hakimu akaokota kimoja, akakigeuza mwangani, akauliza hiki kinakwenda wapi. Mpwa wake akamwambia asubiri, waanze na nguzo.

Daraja lilikuwa na vipande mia nne na sitini. Mpaka chakula cha mchana kinaiva walikuwa wamefika nguzo ya pili, na Hakimu alikuwa ameweka matao mawili mbele nyuma na kukemewa. Alipoaga alichukua kikapu, kioo na daftari. Mizani aliiacha pale pale mezani, kati ya vipande. Alisema ataipitia Jumapili ijayo, wakimalizia daraja.